Siku ya Tatu Imepita, Jembe Liko Wapi?

Katika shule za Japani walimu huitwa kwa majina ya ukoo. Wa hisabati ni Tanaka-sensei, wa sayansi ni Yamamoto-sensei, na sijamsikia mwanafunzi hata mmoja akiwaita kwa majina waliyopewa na wazazi wao. Mtu mmoja tu katika chumba cha walimu huitwa kwa jina lake la kwanza, naye ni mwalimu wa Kiingereza aliyetoka ng'ambo. Nimefundisha shule kadhaa za mkoa wa Shimane, magharibi mwa kisiwa cha Honshu, na kila ninapohamishiwa shule mpya nalikuta jambo hilo likiningoja mlangoni. Naikuta pia meza yangu. Meza za walimu wengine hugusana makundi makundi, walimu wa kidato cha kwanza pamoja, wa pili pamoja, wa tatu pamoja, na naibu mwalimu mkuu hukaa mbele akiwatazama wote. Yangu huwa pembeni, jirani na mashine ya kutoa nakala, na siku ambazo sipo hukaliwa na mshauri wa wanafunzi anayekuja mara moja kwa wiki.

Hapana aliyekusudia kunidharau, na ningekuwa mtovu wa shukrani kama ningedai hivyo. Kila mwisho wa mwezi mtaalamu wa lishe wa shule hunipa orodha ya vyakula vya mwezi unaofuata, na kabla ya kunipa huwa ameshapitia mlo mmoja mmoja akiweka alama ya wino mwekundu palipo na nyama ya nguruwe, ili mimi mtoto wa Kiislamu wa Mombasa nijue siku za kuja na chakula changu. Nilimweleza mara moja tu, wala sikuhitaji kumkumbusha tena. Naibu mwalimu mkuu wa shule nyingine aliwahi kuniletea jiko la mafuta ya taa kutoka nyumbani kwake, baada ya kusikia kwamba chumba ninachopanga kinaingia baridi.

Basi ninalolisema leo silisemi kwa kinyongo. Japani imemkirimu mwalimu wa kigeni kwa karibu miaka 40 bila kumkabidhi kazi yenyewe ya ualimu, na ukarimu wa namna hiyo unawaumiza watu wengi kuliko wanavyodhani wenyeji wetu. Unamuumiza mwalimu na jamaa wanaomtegemea nyumbani. Unamuumiza mwalimu wa Kijapani, ambaye hana wa kumpunguzia mzigo. Zaidi ya wote, unamuumiza mtoto anayesoma Kiingereza mwaka baada ya mwaka na kumaliza shule bila kuweza kujieleza. Wahenga wetu walilimaliza jambo hili zamani: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Kuanzia saa mbili asubuhi

Wanaoniandikia kutoka Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam kuuliza habari za kazi hii hupenda kujua kwanza siku yake ikoje. Nitaieleza.

Unafika kabla ya saa mbili na robo, unavua viatu langoni, unaviweka katika rafu yenye jina lako na kuvaa viatu vya ndani. Matangazo ya asubuhi husomwa haraka mno: nani hayupo, darasa gani lina homa, dubu ameonekana karibu na njia ipi wanayopita watoto. Halafu kengele inalia. Katika shule ya kati, yaani vidato vitatu vya baada ya msingi, unaingia darasani pamoja na mwalimu wa Kijapani, na yeye ndiye mwenye somo. Anaeleza sarufi kwa Kijapani, anaandika ubaoni, wanafunzi wananakili. Wewe unasimama kando ya dirisha. Zamu yako ikifika unasoma aya moja ya kitabu, darasa zima linarudia, unasoma tena, linarudia tena. Wakati huo unakuwa kaseti yenye miguu. Kisha unarudi dirishani.

Shule za msingi mambo hupinduka. Tangu mwaka 2020 Kiingereza ni somo rasmi la darasa la tano na la sita, na watoto wa la tatu na la nne wana vipindi vya kuzoeshwa lugha za kigeni. Mwalimu wa darasa, anayefundisha karibu masomo yote, aliongezewa na hili, na wengi hawakuandaliwa ipasavyo. Kwa hiyo yeye ndiye anayerudi nyuma, na mgeni aliyekuwa bubu katika shule ya kati anajikuta akiliongoza somo lote bila kuwa na leseni ya ualimu, bila ruhusa ya kutoa alama, na mara nyingi bila kuwa na Kijapani cha kutosha kumtuliza mtoto anayelia. Asubuhi huruhusiwi chochote. Mchana umeachiwa kila kitu. Je, kuna fundi anayeweza kujenga nyumba kwa utaratibu huo?

Saa ya chakula ndiyo inayonipa moyo. Watoto wa zamu huvaa aproni na kofia nyeupe, wakaleta masufuria kutoka jikoni na kuwapakulia wenzao wali, samaki, mchuzi wa miso na pakiti ya maziwa. Hapana anayegusa chakula mpaka wote wamepakuliwa na kiranja ameongoza ile itadakimasu yao ya shukrani. Mimi hukaa kwenye kiti kidogo katikati yao, leo darasa hili, kesho lile. Mwaka jana kulikuwa na mvulana wa kidato cha pili ambaye darasani hakuwahi kufungua kinywa. Siku moja alisogeza trei yake karibu na yangu, akatoa kijikaratasi mfukoni, akasoma kwa Kiingereza alichokiandaa mwenyewe: Kenya kuna theluji? Nikamwambia ipo, juu ya Mlima Kenya, karibu kabisa na ikweta. Aliweka vijiti chini. Akauliza swali la pili, ambalo halikuwa kwenye karatasi, na la tatu, sarufi yote ikiwa imevunjika na kila neno likieleweka. Mwalimu wake wa Kiingereza alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Baadaye aliniambia kwamba hakuwahi kuisikia sauti ya kijana yule.

Nimelitaja tukio hilo kwa sababu linaonyesha kilichopo na kisichotumika. Dakika kumi za mazungumzo ya kweli zilifanya kilichoshindikana kwa muhula mzima, lakini hazikuwa sehemu ya kazi yangu iliyoandikwa popote. Kengele ikalia, meza zikasukumwa nyuma, muziki wa usafi ukaanza kwenye vipaza sauti, na sote, watoto kwa walimu, tukapiga magoti na matambara kusugua sakafu.

Wageni wa zamani

Desturi ya kumweka mwalimu wa kigeni mahali pa peke yake ina mizizi mirefu. Mtu anayetajwa kuwa wa kwanza kufundisha Kiingereza Japani kama lugha yake mwenyewe alikuwa Ranald MacDonald, mtoto wa baba Mskoti na mama wa kabila la Wachinook wa Marekani Kaskazini. Mwaka 1848, nchi ikiwa bado imefungwa kwa wageni, alijifanya amevunjikiwa na chombo karibu na kisiwa cha Rishiri huko kaskazini. Wakamkamata, wakampeleka Nagasaki, na hapo akawafundisha wakalimani 14 wa serikali huku yeye akiwa kifungoni. Mmoja wao, Moriyama Einosuke, alikuja kuwa mkalimani katika mazungumzo na manowari za Marekani zilizoilazimisha Japani kufungua bandari zake. MacDonald mwenyewe alikuwa ameshaondolewa nchini mwaka 1849.

Mkoa huu wa Shimane una mwalimu wake mashuhuri. Lafcadio Hearn, mama Mgiriki na baba Mwairishi, aliwasili mjini Matsue mwaka 1890 kufundisha Kiingereza. Alioa Koizumi Setsu, binti wa ukoo wa samurai uliokuwa umefilisika, na mshahara wake ukawa unawalisha wakwe na jamaa wengi. Ni hali ambayo msomaji wa Kisauni au Buguruni hahitaji kufafanuliwa. Mwaka 1896 alichukua uraia wa Japani na jina la Koizumi Yakumo, hasa ili mke na watoto wake waweze kumrithi, akaenda kufundisha Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tokyo. Wanafunzi walimpenda. Hata hivyo mwaka 1903 chuo kilimwacha aende. Wakati ule walimu wa kigeni wenye mishahara mikubwa walikuwa wakiondolewa na nafasi zao kupewa Wajapani waliorejea kutoka masomoni Ulaya, na miongoni mwa waliochukua nafasi yake alikuwa Natsume Soseki, ambaye baadaye akawa mwandishi mkubwa wa riwaya. Hearn alifariki mwaka uliofuata.

Leo Matsue inamtukuza. Nyumba yake inatunzwa, na watalii hawaishi kuitembelea. Nikipita pale huwa nafikiria zaidi kile kilichomkuta Tokyo. Mtu aliyebadili uraia, jina na mavazi, aliyeoa na kuzaa hapa, alipofika mahali pa kuhesabiwa kuwa mwalimu kama walimu wengine aliambiwa kwamba muda wake umekwisha.

Mpango wa JET, ambao ndio mlango mkubwa wa siku hizi, ulianza mwaka 1987 ukiwa na watu 848 kutoka nchi nne: Marekani, Uingereza, Australia na New Zealand. Siku hizi huwa na washiriki zaidi ya 5,000 kwa mwaka kutoka nchi nyingi, Kenya na Afrika Kusini zikiwemo, na mimi nilipitia hapo. Serikali iliubuni uwe wa kubadilishana tamaduni pamoja na kufundisha lugha. Mkataba ni wa mwaka mmoja, na unaweza kurudiwa hadi miaka mitano, basi. Mwalimu anapoanza kuijua shule, majina ya watoto, na udhaifu wa kila darasa, ndipo anapofungasha. Shule inaletewa kijana mwingine, inampokea kwa furaha ileile, na mafunzo yanaanza upya.

Agosti na njaa yake

Kwa upande wa mapato, wa JET ndio wenye nafuu. Anayeanza kazi sasa hulipwa takriban yen milioni 4 kwa mwaka, na nauli ya ndege hulipiwa. Lakini miji mingi haichukui walimu kwa njia hiyo. Hununua huduma kwa kampuni za uwakala, na kampuni ikishinda zabuni kwa bei ya chini, pengo hufidiwa mfukoni mwa mwalimu. Huku mishahara ya yen 200,000 na ushei kwa mwezi ni ya kawaida, na katika miezi ya likizo, hasa Agosti, hukatwa hadi kubaki sehemu tu. Kodi ya nyumba haikatwi Agosti. Karo ya mdogo wako haijui likizo ya Japani.

Nilipomaliza miaka yangu ya JET niliingia katika kampuni moja ya aina hiyo. Kandarasi ilikuwa ya saa 29 na nusu kwa wiki. Nusu saa ile iliyopungua kutimiza 30 ilinitoa kwenye bima ya afya na pensheni ambazo mwajiri huchangia nusu, nikawa najilipia zote mwenyewe. Na kuna jambo jingine kubwa kuliko fedha. Mji unaponunua huduma kwa mkataba wa namna ile, sheria inasema maagizo ya kazi yatoke kwa kampuni, yasitoke shuleni. Maana yake mwalimu wa Kijapani na mimi, tuliosimama mbele ya ubao mmoja na watoto walewale, hatukutakiwa hata kupanga somo pamoja kwa njia ya kuelekezana. Tulipanga kwa siri, kwenye ngazi. Watu wazima wawili wanajificha ili wafundishe vizuri. Ni utaratibu gani huu?

Katika shule za binafsi za mazungumzo, ambazo hufunguliwa jioni karibu na vituo vya treni, hatari huwa wazi zaidi. Mwaka 2007 Nova, iliyokuwa kubwa kuliko zote, ilianguka. Maelfu ya walimu wa kigeni walibaki bila mishahara ya miezi iliyopita, baadhi wakidaiwa kodi za vyumba ambavyo kampuni ndiyo iliyovipanga, na wanafunzi zaidi ya laki tatu waliokwisha kulipia masomo mapema wakapoteza fedha zao. Mjini Osaka chama cha wafanyakazi kilipanga masomo ya kulipwa kwa chakula: njoo na mchele, ufundishwe Kiingereza. Wenye kumbukumbu ya mwaka ule bado wanafundisha, na ndio wanaowaonya vijana kusoma kila kifungu.

Kupata nyumba nako ni safari. Utafiti wa Wizara ya Sheria ya Japani uliotangazwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba karibu wanne kati ya kila wageni kumi waliotafuta nyumba walikataliwa kwa sababu ni wageni. Ukikubaliwa unahitaji mdhamini, amana, na katika sehemu nyingi fedha za shukrani kwa mwenye nyumba, ambazo hazirudi. Mwalimu anayehamishwa kila baada ya mwaka mmoja au miwili hulipa haya tena na tena.

Na kwetu je? Mwaka 2021 yen moja ilikaribia shilingi moja ya Kenya. Katikati ya mwaka 2024, dola moja ikiwa imepita yen 160, yen ileile ilikuwa kama senti 80. Anayetuma yen 50,000 nyumbani alikuwa amepoteza shilingi zipatazo 10,000 kila mwezi bila kufanya kosa lolote. Kwa mama anayesubiri ujumbe wa M-Pesa hizo ni dawa za presha na umeme. Majirani wanaona mtoto wa fulani yuko Japani, wanadhani mambo yamenyooka. Harambee ikiitishwa jina la kwanza kwenye orodha ni lake. Nawaomba jamaa wa walimu hawa wawaulize kabla ya kuwapangia.

Kiingereza cha nani?

Mzazi mmoja, mtu mpole sana, aliwahi kuniuliza kama Kiingereza changu ni cha Marekani au cha Uingereza. Nilimjibu kwamba ni cha Kenya. Alinyamaza kidogo akitafuta namna ya kuuliza kisichoulizika, nami nikamsaidia: nilimweleza kwamba kwetu mtoto husoma fizikia, historia na kilimo kwa Kiingereza, akafanya mitihani yote kwa lugha hiyo isipokuwa ya Kiswahili na lugha chache nyingine. Alifurahi kweli. Hakuwahi kuambiwa.

Matangazo ya kazi hudai msemaji mzawa wa lugha, na picha za kwenye vipeperushi huonyesha mzawa huyo ni wa rangi gani. Mwombaji kutoka nchi kama zetu huulizwa pia uthibitisho kwamba amesoma kwa Kiingereza kwa miaka 12 au zaidi. Kwa Mkenya hesabu hutimia. Kwa Mtanzania aliyesoma shule ya msingi ya serikali, miaka saba kwa Kiswahili, kisha sekondari na shahada ya kwanza, haitimii, hata kama shahada yenyewe ni ya kufundisha Kiingereza. Mhitimu wa ualimu anayejua sarufi ndani nje anakosa, na kijana wa shahada yoyote ile aliyezaliwa mahali panapofaa anapata. Hapo ndipo unapoona kwamba kinachonunuliwa ni asili ya mtu, wala si ufundi wake.

Ninaamini, na nitalitetea popote, kwamba aliyejifunza Kiingereza kama lugha ya pili au ya tatu ana kitu cha kumpa mtoto wa Kijapani ambacho mzawa hana. Anajua njia, maana ameipita kwa miguu. Walimu Wafilipino walio wengi katika kampuni za uwakala wanalijua hili, na baadhi yao ndio walimu bora niliowaona nchini humu. Wanapolipwa kidogo kuliko wengine kwa kazi bora kuliko ya wengine, ninaliita jambo hilo dhuluma.

Mtoto ndiye anayelipa

Mwaka 2023 wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa shule za kati nchini kote walipimwa Kiingereza cha kuzungumza katika mtihani wa kitaifa. Wastani wa majibu sahihi ulikuwa asilimia 12.4. Zaidi ya nusu hawakupata hata swali moja. Mwaka uliofuata orodha ya kimataifa ya umahiri wa Kiingereza inayotolewa na kampuni ya EF iliiweka Japani nafasi ya 92 kati ya nchi na maeneo 116. Hii ni nchi tajiri, yenye shule safi, walimu wenye bidii na watoto wanaokaa kimya wanapoambiwa wakae kimya. Fedha za kuleta wageni zimetumika tangu 1987. Zimeenda wapi?

Zimeenda kwenye sauti bila mazungumzo. Mtoto hupimwa kwa mtihani wa kuingia sekondari ya juu, na mtihani huo unadai kusoma na sarufi zaidi ya kuongea. Wazazi wanalijua. Ndiyo maana jioni wanawapeleka watoto tuisheni kujiandaa na mtihani, na wenye uwezo wanaongeza shule ya mazungumzo kwa fedha nyingine. Familia inalipa mara tatu kwa somo moja: kodi za serikali, tuisheni, kisha mazungumzo. Asiye na uwezo wa hayo mawili ya mwisho anabaki na aya ninayoisoma kando ya dirisha.

Na mwalimu wa Kijapani hana wa kumwokoa. Utafiti wa shirika la kimataifa la OECD wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba walimu wa shule za kati Japani hufanya kazi saa 56 kwa wiki, nyingi kuliko nchi nyingine zote zilizochunguzwa, ambapo wastani ulikuwa saa 38. Ninawaona. Saa moja usiku taa za chumba cha walimu bado zinawaka, mwalimu wa Kiingereza anasahihisha madaftari baada ya kuwasimamia watoto kwenye mazoezi ya tenisi. Mimi nimeshaenda nyumbani tangu saa kumi na nusu, kwa sababu mkataba wangu unasema hivyo. Wakati wa likizo walimu wasaidizi wengi wa JET hukaa mezani siku nzima bila kazi, huku mwenzao wa meza ya pili akizama katika karatasi. Msaada upo chumba kimoja na anayeuhitaji, na mkataba umesimama katikati yao.

Sisi tuliwapa chaki

Japani inajua namna nyingine, kwa sababu vijana wake wenyewe wameionja kwetu. Tangu miaka ya 1960 wafanyakazi wa kujitolea wa Kijapani wamekuwa wakija Kenya na Tanzania, na wengi wao walifundisha hisabati na sayansi katika sekondari za vijijini. Waulize waliosoma chini yao. Mwalimu Mjapani alipewa darasa lake, ratiba yake, mitihani ya kutunga na kusahihisha. Alishika zamu kama wengine. Kiingereza chake kiliyumba mwanzoni, Kiswahili chake kiliwachekesha watoto, na hapana aliyemwambia akae dirishani asome kwa sauti. Shule ilikuwa na upungufu wa walimu, naye alikuwa mwalimu. Mambo yakaishia hapo. Waliporudi kwao, baadhi waliingia katika ualimu, na nimebahatika kufanya kazi na mmoja aliyefundisha Tanzania bara. Huyo ndiye mwalimu pekee wa Kijapani aliyewahi kunikabidhi kidato cha tatu B kwa muhula mzima, tukapanga pamoja, tukapima pamoja, na watoto wakazungumza.

Njia ya kisheria ipo. Bodi ya elimu ya mkoa inaweza kumpa mtu mwenye ujuzi leseni maalumu ya ualimu hata kama hakusomea ualimu Japani, na akiwa nayo anaweza kushika darasa, kutoa alama na kuhudhuria vikao kama mwalimu kamili. Wanaopewa ni wachache. Ningependa kuona kila bodi ikiitangaza leseni hiyo kwa wasaidizi wanaomaliza mwaka wa pili, ikidai kutoka kwao Kijapani cha kiwango kinachoeleweka na mafunzo ya ualimu, na ikiwapa mkataba usiokatika kila Machi. Wasiotaka waende kwa heri. Wengi huja kwa mwaka mmoja wa kuiona dunia, na hilo si kosa. Lakini wapo wanaotaka kubaki, waliooa na kuolewa hapa, wenye watoto wanaosoma katika shule hizihizi. Kuwaacha wawe wasaidizi mpaka wazeeke ni kupoteza walimu katika nchi inayolia kwamba haina walimu wa kutosha.

Kwa vijana wanaoniandikia, sitawazuia. Heshima mtakayopewa ni ya kweli, watoto ni wazuri, na usalama wa mitaani saa sita usiku utawashangaza. Kabla ya kutia sahihi ulizeni mambo manne na mpate majibu kwa maandishi: Agosti nalipwa kiasi gani, saa zangu kwa wiki zinaniingiza kwenye bima na pensheni ya mwajiri au la, mwajiri wangu ni mji au ni kampuni, na ndani ya darasa nani ananiagiza kazi. Mwenye shahada ya ualimu aje na vyeti vyake vyote na uthibitisho wa mazoezi ya kufundisha, maana bodi ya elimu haitamtafutia. Aanze Kijapani akiwa bado nyumbani, na afikapo aombe kuonana na ofisa wa bodi anayehusika na leseni, mwaka wa kwanza uleule, kabla hajazoea kukaa pembeni karibu na mashine ya nakala.